Khanjari Tuliyoitia Uzee

Jambo la kwanza ninalotaka mlijue, enyi vijana mnaoshika sindano leo, ni kwamba uzi wa fedha hukatikia ndani. Kwa juu mtauona mzima, unang'aa, lakini hariri iliyo katikati yake imekwisha kukatika, kwa sababu mmeuvuta kwa nguvu mnazovutia uzi wa pamba. Miezi sita baadaye mwenye khanjari anarudi na ala mkononi, fedha imefumuka kama nywele za aliyeamshwa usingizini, nanyi mnaapa kwamba mlishona vizuri. Mlishona vizuri, mlivuta vibaya. Uzi huu hauvutwi, huongozwa. Na vidole vikitoka jasho, vipakeni unga wa mchele kidogo, kwani jasho huitia fedha weusi ambao hautoki kwa sabuni wala kwa dua.

Hayo nilifundishwa na mama mkwe wangu, Bi Shinuna, ambaye alishona ala na mikanda ya khanjari hapa Mutrah, Maskati, tangu yu mwari. Nilikaa mbele yake kwa mara ya kwanza Jumapili, tarehe 3 Juni 1973, nikiwa mke wa mwaka mmoja, mgeni kutoka Unguja, sijui kazi yoyote ya mkono isipokuwa kusuka ukili. Kosa langu aliliona kabla sijamaliza mshono wa kwanza: nilikuwa nimeishika sindano kwa mkono wa kushoto. Akanipiga kofi dogo la kidole, nikahamishia kulia. Alipogeuka, sindano ikarudi kushoto. Siku ya nne alinifunga mkono huo kwa mtandio wake, nikashona kwa kulia mistari mitatu iliyopinda kama njia ya mlevi. Aliitazama, akaufungua mtandio, akasema kwa Kiarabu, nami nawatafsiria: "Haya, kula kwa kulia, na kushona shona na shetani wako." Tangu siku hiyo mishono yangu hulalia upande usiolaliwa na ya mtu mwingine yeyote niliyemjua Maskati. Bi Shinuna aliiita kasoro. Mume wangu, Nasor, aliiita muhuri.

Nasor ndiye aliyekuwa fundi hasa. Alifua fedha, alichonga mipini, alinoa na kupinda chuma. Mimi nilikuwa wa ngozi na nyuzi. Tulifanya kazi chumba kimoja, migongo ikielekeana, kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa maneno machache, hata Kiswahili alichokipata kwangu alikitumia kwa kubana. Mimi, kwa upande wangu, sikubana kitu. Sikusoma utotoni, niliingia darasa la watu wazima Jumamosi, tarehe 16 Septemba 1989, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na tangu nilipojua kuandika sikuacha tarehe inipite. Kila ala niliyoimaliza niliandika siku yake nyuma ya kalenda ya ukutani. Nasor alikuwa akinicheka. "Zuwena," alisema, "siku nikifa utaandika na saa." Niliandika. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Oktoba 1999, saa tisa na robo za mchana.

Sasa nieleze habari ya maonyesho, kwa kuwa ndiyo mliyoniuliza.

Wakusanyaji wa khanjari walikuwa wakikutana mara moja kila mwaka, baridi inapokwisha, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Wattaya uliokuwa jirani na maduka ya magari. Tulikwenda mara ya kwanza Alkhamisi, tarehe 14 Machi 1996. Nasor alivaa dishdasha mpya na kilemba kilichopigwa pasi mara mbili, tukapanga khanjari zetu tano juu ya kitambaa cha mahameli. Wanaume walikuja na miwani yao ya kukuzia na glavu nyeupe, wakainama, wakanyanyua, wakauliza swali moja tu: "Ya mwaka gani?" Nasor akijibu, "Ya mwaka huu," waliirudisha mezani kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake, wakaenda zao. Bwana mmoja alikuwa mkweli zaidi kuliko wenziwe. "Kazi nzuri sana, fundi," alisema, "lakini mpya haina hadithi." Tulirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na mwaka wetu wa mwisho pamoja ukawa 1999. Meza yetu ilikuwa njia ya kwendea meza nyingine.

Nasor hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote wawili, ndani ya gari, mpaka nyumbani.

Alipofariki nilikaa eda, na eda ilipokwisha sikuuona ukumbi ule tena kwa miaka minne. Sindano sikuiacha, lakini kazi ilikuwa imebadilika. Ala zililetwa zikiwa zimekwisha gundishwa kwa gundi, na nyuzi zilizotoka viwandani zilikuwa shaba iliyopakwa rangi, ambazo zikikutana na mvuke wa Agosti moja tu huota kijani. Mkitaka kuujua uzi wa kweli, choma ncha yake: wa fedha huacha majivu ya hariri na kipande kidogo kigumu, wa uongo hunuka plastiki. Walikuja kwangu watu wa kurekebisha tu. Nikawa daktari wa wagonjwa ambao si mimi niliyewazaa.

Alkhamisi, tarehe 26 Februari 2004, nilikwenda tena. Sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilitaka tu kuingia mahali ambapo mtu angeweza kunitajia jina la mume wangu bila mimi kulianza.

Mlangoni aliketi bwana yuleyule wa kuandikisha wageni, mnene zaidi.

"Bi Zuwena! Wallahi sisi tulidhani umeolewa, umechukuliwa Dubai."

"Nani anioe mie na macho haya? Nikimtengenezea chai ntatia chumvi."

"Basi na hiyo chumvi yupo atakayeinywa." Akacheka, akaniandikia kadi ya jina, kisha akasema bila kunitazama, "Mungu amrehemu fundi Nasor." Nikawa nimekwisha kupata nilichokuja kutafuta, na ningegeuka nikarudi nyumbani wakati ule, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Mwaka huo walikuwa wameongeza upande mpya, wa khanjari za mababu, ambapo familia zilileta urithi wao. Kila khanjari ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, na kadi pembeni. Nilipita polepole, miwani yangu puani. Mbele ya sanduku la sita miguu ilisimama kabla sijajua kwa nini. Mishono ya ala ilikuwa imelala upande wangu.

Nataka mnielewe. Sikuona wizi wala uongo. Niliona kazi ya Nasor ndani ya kioo, na taa juu yake, na watu wanne wakiitazama. Niliikumbuka mara moja: tuliimaliza Jumatano, tarehe 12 Novemba 1997. Mteja sikumwona, Nasor alikutana naye sokoni. Alitaka mpini wa msandali wa mtindo wa zamani, na Nasor aliniletea mkanda mkongwe uliooza, akaniambia niufumue nishone ala kwa nyuzi zake. Nilifumua siku tisa. Siku ya mwisho nilimwona aking'oa msumari mmoja wa fedha kutoka kwenye mpini aliokuwa ameupiga misumari yote jana yake.

"Mbona unaharibu?" nilimwuliza.

"Mwenyewe ndivyo anavyotaka."

"Huyo mwenyewe ana akili timamu?"

"Anazo kuliko mimi na wewe," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Khanjari ile ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuzitengeneza. Nilijua hivyo wakati ule na najua hivyo leo.

Kando ya sanduku alisimama mwanamke wa miaka kama arobaini, amevaa buibui ya heshima na mkoba wa ofisini. Alikuwa akiwaeleza wageni, Kiarabu kwanza, kisha Kiswahili cha nyumbani kwetu kwa mabibi wawili waliokuwa nyuma. Sikumsikiliza. Nilimngoja amalize, wageni wakasogea, nikamkaribia nikitabasamu kama bibi harusi.

"Mwanangu, hii ni kazi yetu."

"Kunradhi, mama?"

"Khanjari hii. Kaifanya marehemu mume wangu, na ala nimeishona mie. Novemba ya tisini na saba."

Alitabasamu kwa upole wanaotabasamiwa nao wazee. "Umeifananisha, mama. Hii ni ya babu yangu. Aliivaa Unguja."

Hapo ndipo niliposoma kadi. Ilisema kwamba khanjari ilikuwa ya marehemu babu wa ukoo fulani, jina ambalo sitalitaja, aliyeivaa Unguja kabla ya vita vya kwanza, na kwamba ilirejeshwa Maskati na mwanawe. Miaka ishirini nyuma ningeipita kadi ile kama ninavyopita mchoro. Nilikuwa nimekwenda shule ili nisidanganywe na karatasi, na sasa karatasi ilikuwa ikimnyang'anya mume wangu kazi yake mbele ya macho yangu. Moto ulinipanda. Nilidhani nimesimama mbele ya watu waliokuwa wakitafuta sifa kwa mgongo wa maiti.

Nikamthibitishia. Nilimwonyesha mishono inavyolala, nikamshonea hewani kwa mkono wa kushoto ili aone. Nikamwambia nyuzi zimetoka kwenye mkanda gani. Nikamwambia atazame mpini, msumari wa tatu haupo, na tundu lake ni jeupe ndani, halina uchafu wa miaka, kwa sababu mume wangu aliung'oa mimi nikiwa nimeketi nyuma yake. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mtu mwenye haki.

"Tafadhali, mama," alisema, "punguza sauti."

Alikuwa ameuegemeza mkono kwenye kioo. Aliniambia jina lake, Thuraya. Akanieleza, kwa maneno mafupi na akitazama sakafu, kwamba babake alitoka Unguja mwaka 1964 na nguo alizovaa. Nyumba ilibaki, vitu vyote vilibaki, hata picha ya babake hakubeba. Watoto walikua hapa wakiulizwa na wenzao, khanjari ya ukoo wenu iko wapi, na hawana jibu; kaka yake alioa kwa khanjari ya kuazima. Kisha siku moja, mwishoni mwa mwaka 1997, mzee alirudi nyumbani na furushi. Aliwaambia kwamba jamaa mmoja aliificha khanjari ya babake ndani ya gunia la karafuu miaka yote ile, na sasa imemfikia. Alilia. Wote walilia. Kaka yake mdogo alioa nayo.

"Msumari huu," Thuraya alisema, "baba ametuhadithia hata siku babu alipoudondosha. Bandarini, akimpokea mgeni."

Nikaelewa. Mzee alikuwa amekwenda kwa Nasor na khanjari ya babake kichwani, akaielezea inchi kwa inchi, mpaka tundu la msumari, na Nasor akamrudishia.

"Labda," nikasema, "labda nimechanganya, mwanangu. Huenda tulishona ala tu. Watu wengi walituletea ala za kushona upya. Mie mtu mzima sasa."

Aliniinulia macho. "Umenambia mpini. Umenambia msumari, na tundu lake ndani lina rangi gani. Sasa unataka kuyarudisha mdomoni?"

Nikaivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Baba anakuja baada ya Alasiri," alisema. "Tumpige picha nayo. Ana miaka themanini na mbili na macho yamekwisha. Amesema anataka picha hiyo tu." Akafungua mkoba, akaufunga. "Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu."

"Wewe hukuweza kunyamaza nusu saa, unanambia mimi ninyamaze mpaka lini?"

Ningeweza kuondoka. Miguu ilitaka. Lakini niliona kwamba nikiondoka nitakuwa nimevunja chombo cha watu na kuwaachia vigae. Nilikwenda kuswali, nikarudi, nikasimama hatua kumi kutoka kwenye sanduku, kama mtumwa anayengoja hukumu yake.

Mzee aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, dereva akikisukuma, kilemba chake kimefungwa vizuri sana. Thuraya akamwinamia, akamnong'oneza, kisha akageuka kunitazama. Sikujua amemwambia nini mpaka mzee alipopaaza sauti.

"Yuko wapi mke wa Nasor? Njoo, bibie, nikusalimie."

Nikaenda. Alinipa mkono uliofunikwa kwa ncha ya dishdasha, kama ilivyo desturi, na wangu hakuuachia.

"Nasor alikuwa mtu mwema," alisema. "Mtu wa siri."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na wewe umekuja kuiona khanjari ya baba yangu?"

Kabla sijajibu, yule bwana wa miaka ile, aliyesema kwamba mpya haina hadithi, alijitokeza upande wa pili na kioo chake cha kukuzia. Alikuwa ameinamia ala muda mrefu. "Afadhali umekuja, Bi Zuwena," alisema kwa Kiarabu. "Mishono hii inanitatiza. Imelala kinyume. Wewe ndiye unayejua kuliko sisi sote. Hii ni ya zamani kweli?"

Watu kama saba walikuwa wamesimama pale. Kwa miaka minne tulikaa katika ukumbi ule na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninachojua. Mzee alikuwa bado ameushika mkono wangu. Thuraya alinitazama usoni, wala hakunisihi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa jina la mume wangu.

"Mishono ni yangu," nilisema. "Ala ilikuwa imeoza, tuliishona upya mwaka 1997 kwa nyuzi zake zilezile. Khanjari yenyewe tuliikuta."

"Na mpini?"

"Tuliukuta. Mume wangu hakuugusa."

"Nilijua," alisema yule bwana, akaridhika. "Mpini huu siku hizi hakuna fundi anayeweza kuuchonga."

Mzee akauachia mkono wangu. Thuraya alifungua sanduku, akamwekea khanjari mapajani, akainyoosha ala ili pete zake zitokee kwenye picha. Wageni wapya walikuwa wamefika, na mmoja akauliza habari yake. Thuraya akaanza upya: Unguja, bandari, mgeni aliyekuwa akipokewa, msumari ulioanguka, gunia la karafuu. Hakukosea hata neno moja. Sauti yake haikubadilika. Ila hakuitazama khanjari, na mimi pia hakunitazama tena.

Ndani ya teksi nilijiuliza swali ambalo nimeendelea kujiuliza mpaka leo. Kwa nini Nasor hakuniambia? Tulikaa chumba kimoja, nikafumua mkanda siku tisa, na wala hakunipa hata nusu ya neno. Nilikasirika mpaka tulipofika Ruwi. Baada ya hapo nikaacha, kwa kuwa jibu lilikuwa limekaa nami kiti cha nyuma. Hakuniambia kwa sababu alinijua. Alijua kwamba siku moja nitasimama mbele ya kazi yake na sitaweza kunyamaza. Mtu amenificha jambo moja tu katika ndoa ya miaka ishirini na saba, na katika hilo moja alikuwa na haki.

Kwa hiyo, wanangu, mteja akiwaletea uzi mkongwe na kuwataka mshone kitu kipya, muulizeni, na akikataa kusema, shoneni au msishone, lakini jueni kwamba mmeingia ndani ya nyumba ya watu. Na mkikutana na kazi ya mikono yenu mahali msipoitarajia, isalimuni moyoni kwanza. Ulizeni inafanya nini pale. Mimi nilianza kwa kudai. Khanjari ninayowaelezea msihangaike kuitafuta. Katika kusimulia msumari nimeuhamisha, na sanduku halikuwa la sita.

Mzee alifariki Jumapili, tarehe 9 Mei 2004. Nilikwenda msibani siku ya pili, nikakaa karibu na mlango upande wa wanawake, ili nikifukuzwa nisiwe na safari ndefu. Thuraya alikuwa akipitisha kahawa mwenyewe. Aliponifikia alinimiminia kidogo, akasimama. Bibi mmoja wa kando yangu, shangazi yao, akamwuliza huyu mgeni ni nani.

"Huyu Bi Zuwena," Thuraya alisema. "Mumewe ndiye fundi wa ile khanjari ya babu."

"Ndio nyie mlioifanya?" shangazi akaniuliza, macho yamemtoka.

Thuraya hakusogea. Dele la kahawa lilikuwa bado mkononi mwake, naye alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ala tu, bibi," nilisema. "Ala tu."

Thuraya akanijazia kikombe.